Kibao Kilichowazidi Watoto

Mwalimu wa kisa hiki simpi jina, maana si mtu mmoja. Nimemfuma kutokana na walimu wengi wa muziki wa upande wetu, Kitale hadi Bungoma, watu wenye moyo na bidii ambao wote walijikwaa penye kisiki kile kile: walichagua wimbo kabla ya kuwaangalia watoto. Kikundi chake nacho nimekiweka Suam, pale barabara ya kutoka Kitale inapopita Endebess na kukomea mpakani, ng'ambo ya mto ikiwa Uganda na Mlima Elgon ukiwa juu ya kila boma. Ila yote nitakayoyasema kuhusu muziki wenyewe ni ya kweli, na ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Alikuwa na watoto 12, wa miaka 11 hadi 16. Magharibi ya Kenya ina bahati moja. Jeshi la Wokovu, lililoingia nchini mwaka 1921, lilieneza bendi za tarumbeta hadi vijijini, kiasi kwamba mtoto wa Bungoma anaweza kufika utu uzima hajawahi kugusa piano lakini anajua koneti inavyoshikwa. Vyombo vya kikundi hiki vilikuwa vya ukoo huo: koneti 4, honi za tena 2, baritoni 2, tromboni 1 na tuba 1. Waliobaki ni mpiga gitaa la besi na mpiga ngoma. Saksafoni haikuwepo hata ya dawa. Watoto walijua nyimbo za ibada, za harusi na za kupokea wageni, na walizipuliza vizuri.

Mwalimu aliipenda jazi kwa dhati, na mapenzi hayo si ya kubezwa. Alikuwa amewafuatilia Ghetto Classics, watoto wa Korogocho jijini Nairobi, mradi ulioanza mwaka 2008 chini ya Elizabeth Njoroge, akawaona wakipanda jukwaa la tamasha la Safaricom Jazz. Aliona jukwaa. Miaka ya kushika chombo, kusoma noti na kukosea mbele ya mwalimu mwenye subira haikuonekana kwenye simu yake. Akajiuliza: kama wa Korogocho wameweza, hawa wa Suam wana kasoro gani? Hawakuwa na kasoro. Walikuwa na wiki 10 tu kabla ya sherehe moja mjini Kitale ambako kikundi kilialikwa kupiga.

Akaja na kibao: Sing, Sing, Sing. Louis Prima alikitunga mwaka 1936, lakini aliyekifanya kitikise dunia ni Benny Goodman, aliyekirekodi mwaka 1937 kwa zaidi ya dakika 8, muda ambao upande mmoja wa santuri za siku hizo haukuweza kuubeba, ikabidi kigawanywe pande mbili. Tarehe 16 Januari 1938 yeye na bendi yake wakakipiga katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, kikaenda dakika 12. Ni muziki wa kusisimua damu. Ngoma za Gene Krupa zinanguruma mwanzo hadi mwisho, trompeti zinapaa, na mwendo unazidi mapigo 200 kwa dakika. Lakini waliokipiga walikuwa wanaume 14 wenye kuishi kwa kazi hiyo, usiku baada ya usiku. Krupa alikuwa ametimiza miaka 29 jana yake. Harry James wa trompeti alikuwa na miaka 21 tu, ila alikuwa amekulia katika bendi ya sarakasi ya baba yake.

Noti zilichapishwa saiba mjini Endebess. Zilikuwa za bendi kamili ya watu 17, na nusu yake ni za saksafoni na trompeti za juu. Mwalimu akazigawa kama alivyoweza.

Tazama kilichotokea kwenye kiti cha koneti ya kwanza. Aliyekikalia ni kijana wa miaka 15, mpulizaji mzuri kuliko wote. Noti za juu humtaka mtu awe na misuli ya midomo iliyojengwa kwa miaka. Asiyekuwa nayo hufanya anachofanya kila mtoto: huikandamiza koneti usoni. Sauti hutoka, ndiyo, lakini hutoka kwa kuubana mdomo kwenye meno. Damu haipiti, mdomo unakufa ganzi, na baada ya dakika chache hata noti ya kawaida inakataa kulia. Kijana alikuwa akitoka mazoezini na duara jekundu mdomoni, akilipaka mafuta ya kujipaka na kusema si kitu. Wiki ya nne akaanza kuumwa tumbo kila Jumamosi asubuhi.

Mpiga ngoma alikuwa na miaka 13. Mkono wake ulishika mwendo kwa dakika moja na nusu, kisha kiwiko kikakaza. Alipochoka alilegea, aliposhtuka kwamba amelegea alikimbia, na bendi nzima ikamfuata huku na huku. Mwalimu akadhani dawa ni kurudia tena na tena, wakarudia. Jambo ambalo hakuliona ni kwamba kwa mwendo ule swingi yenyewe ilikuwa imekwisha kufa. Swingi hukaa katika nafasi iliyo ndani ya pigo moja: pigo hugawanywa mara tatu, sauti ya kwanza ikachukua mbili na ya pili ikabaki na moja, ndipo muziki ukapata ule mwendo wa kutembea kwa madaha. Mtoto anayekimbizwa hana muda wa kulikata pigo namna hiyo. Hulipasua katikati, nusu kwa nusu, na kinachotoka ni gwaride la haraka.

Lililoniuma kuliko yote ni la yule mdogo wao, msichana wa miaka 11 mwenye honi ya tena. Sehemu yake ilimshinda tangu siku ya kwanza, na kila alipokosea wenzake waligeuka kumtazama. Wiki mbili kabla ya sherehe mwalimu akamwendea, akamwinamia, akamwambia kwa upole kabisa:

"Mwanangu, wewe shika tu honi yako mdomoni. Usipulize. Hakuna atakayejua."

"Sawa, Mwalimu," akajibu.

Akaifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Alivuta pumzi wenzake walipovuta, akabonyeza vali ambazo hazikutoa sauti, akageuza karatasi mahali pake. Mwalimu alisema hakuna atakayejua, na aliyejua ni yeye mwenyewe, kila Jumamosi, saa mbili na nusu mfululizo.

Siku ya sherehe sitairefusha. Kijana wa ngoma alianza kwa kasi kuliko mazoezini, kama watoto wote waanzavyo wakiona watu. Koneti ya kwanza ilipasuka kwenye noti ya kwanza ya juu na haikurudi tena. Watu wa Kitale ni waungwana, walipiga makofi. Mfawidhi akamwashiria mtu wa spika aweke muziki wa kanda. Kwenye matatu ya kurudi Suam hakuna aliyeimba, na muhula uliofuata walirudi watoto 5.

Wapo watakaoniambia kuwa aibu humkomaza mtu, na watamleta mpiga saksafoni Charlie Parker kuwa shahidi. Kisa chake kinajulikana. Mwaka 1936, akiwa kijana wa miaka 15 au 16 mjini Kansas City, alijiingiza kupiga na wakubwa katika klabu ya Reno, akapotea ndani ya wimbo, na mpiga ngoma Jo Jones akamtupia tuazi miguuni ili ashuke. Kiangazi cha mwaka uliofuata Parker akaenda kufanya kazi milima ya Ozark akiwa na santuri za Count Basie, akasikiliza saksafoni ya Lester Young hadi akaijua kwa moyo, akarudi akiwa mtu mwingine. Kisa kizuri. Lakini wanaokipenda husahau kwamba Parker alipanda jukwaa lile kwa miguu yake na kuuchagua mtihani wake mwenyewe, katika mji ambao jazi ilipigwa kila usiku kila mtaa. Mtoto wa Suam alipandishwa, na asubuhi yake hapakuwa na mahali pa kwenda kusikiliza waliokomaa. Tena visa hivi husimuliwa kwa sababu ya yule mmoja aliyerudi. Waliotupiwa tuazi wakaenda zao hawana msimulizi.

Baada ya sherehe ile mwalimu alikwenda kwa mzee mmoja aliyewahi kuongoza bendi ya kanisa upande wa Kimilili. Alikwenda na maelezo yake tayari.

"Mzee, nadhani nilikosea mwendo. Ningepunguza kidogo."

"Mdogo wao alikuwa nani?"

"Msichana mmoja wa honi."

"Siku ya sherehe alipuliza noti ngapi?"

Mwalimu akanyamaza. Mzee naye hakumkemea, alimwomba amletee karatasi na kalamu, wakaandika majina ya watoto wote 12, na mbele ya kila jina noti ya chini kabisa na ya juu kabisa ambayo mtoto huyo huipuliza kwa sauti nzuri hata akiwa amechoka. Kazi hiyo ilipaswa kufanyika wiki ya kwanza, kabla ya kwenda saiba. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini katika muziki wa watoto kuchagua ndiyo nusu ya kilimo.

Wala hili si jambo la wanyonge kujifariji. Duke Ellington, ambaye katika jazi hakuna aliyemzidi kwa kuiandikia bendi, alikuwa akiandika juu ya karatasi majina ya watu wake badala ya kuandika trompeti ya kwanza, trompeti ya pili. Alijua huyu ana sauti ya kukwaruza, huyu hung'ara katikati, yule ana noti moja ya chini isiyo na mfano, akawaandikia hivyo. Aliyekuwa na wapigaji bora wa zama zake aliona haja ya kuwatazama usoni kabla ya kuandika. Sisi wenye watoto wanaoanza tunachukua karatasi iliyoandikiwa watu wengine na kutaka midomo yao ienee humo.

Huyo huyo Ellington alituachia C Jam Blues ya mwaka 1942, na laiti mwalimu angeanzia hapo. Wimbo wote umejengwa kwa noti mbili, so na do. Mtoto aliyelelewa na kwaya ya kanisa, anayesoma solfa tangu darasa la pili, anaujua kabla hajaketi. Bluzi ya kawaida ina vipande 12 vya mapigo manne manne, na katika C Jam Blues maneno ya ala ni yale yale yanayosemwa mara tatu huku chini yake besi ikihama kutoka do kwenda fa, ikarudi, ikagusa so, ikarudi nyumbani. Yaani ukijua vipande vinne umeujua wimbo mzima, na akili inayobaki unaipeleka kwenye mdundo. Sonnymoon for Two ya Sonny Rollins imejengwa kwa njia hiyo, sauti tano tu zikishuka ngazi, na Bags' Groove ya Milt Jackson pia. Nyimbo hizi si za kitoto. Mabingwa wamezipiga hadi uzeeni, kwa sababu baada ya vile vipande 12 kuna nafasi wazi ya kila mtu kusema lake, na mtoto anaweza kusema lake kwa noti mbili bila aibu yoyote.

Lipo jambo jingine ambalo mzee wa Kimilili alilijua na mwalimu hakulijua, nalo lingemwokoa hata kwa nyimbo ngumu kidogo. Katika bendi za ukoo wa Jeshi la Wokovu karibu kila mtu husoma kwa ufunguo mmoja wa juu, hata tuba. Honi ya tena iko katika E-flati, sawa na saksafoni ya alto, na karatasi ya alto akipewa mtoto wa honi hutoa sauti zile zile. Baritoni ya kupuliza hulingana na saksafoni ya tena. Tuba ya E-flati hulingana na saksafoni ya baritoni. Kwa hiyo safu nzima ya saksafoni iliyomtisha mwalimu ilikuwa imekaa mbele yake tayari. Noti zipandazo mno tu ndizo za kushushwa, na hilo ni suala la penseli.

Na vyombo vya baridi visisahauliwe. Asubuhi ya Suam, ukungu wa Elgon ukiwa bado shambani, tarumbeta iliyolala kwenye sakafu ya saruji hulia chini ya sauti yake. Walimu wengi huwalaumu watoto kuwa hawana masikio. Waacheni wapulize hewa tupu ndani ya vyombo kwa dakika kumi kwanza.

Narudi kwenye swingi, kwa maana hapo ndipo tunapowadhulumu watoto wetu zaidi. Tunawafundisha lile pigo la tatu tatu kama kitu kilichoshuka kwenye ndege kutoka Marekani, na wao wamezaliwa nalo. Sikiliza isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Tazama mabega yanavyochezwa katika kamabeka ya Wabukusu, au kijana wa tohara anavyozipiga kengele zake, chinyimba, Agosti ya miaka ya shufwa, kilomita kwa kilomita, bila mwalimu wa kuhesabu. Mwili wa mtoto huyo unajua tayari kuligawa pigo mara tatu. Wimbo wa mwendo wa mapigo kama 120 au 130 kwa dakika unamkuta nyumbani kwake, na la kumwongezea ni kupiga makofi kwenye pigo la pili na la nne badala ya la kwanza na la tatu. Wacha wasimame, watembee chumbani wakipiga makofi hayo, wimbo uje baadaye.

Bluzi nayo ilikwisha kufika huku zamani, kwa mlango ambao hatukuufungua sisi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika kwa Wakipsigis, Kapkatet, akarekodi nyimbo zilizoitwa Chemirocha. Chemirocha ni jina la Jimmie Rodgers kwa matamshi yao, mwimbaji mweupe wa Mississippi aliyefanya kazi relini, aliyejifunza bluzi kwa Wamarekani weusi na kufariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika Bonde la Ufa kwa gramafoni, na wasichana wa Kipsigis wakamfanya kiumbe wao wenyewe, nusu mtu nusu paa, wakamwimbia kwa kinubi. Hawakuambiwa wamwige. Waliichukua ile sauti wakaitia mahali pake katika vidole na koo zao. Wasabaot wa Suam ni ndugu wa lugha wa Wakipsigis hao, na vinubi vyao bado vipo. Wabukusu wana litungu. Mwalimu wa jazi ambaye hajawahi kumwita mpiga litungu mazoezini, aketi na watoto, amwimbishe mmoja na wengine waitikie, ameacha mlango wa karibu akazunguka nyuma ya nyumba.

Niseme kidogo kuhusu nyimbo zenye mtego. In the Mood ya Glenn Miller, 1939, watu huiomba kwa sababu huijua, lakini ule mwanzo wake maarufu unataka safu ya ala zinazotamka kwa ulimi mmoja, na wapulizaji wa mwaka mmoja wataufanya tope. Blue Monk ya Thelonious Monk hutembea kwa nusu hatua ambazo koneti yenye vali nzito haizipendi. Na kuna mtego mbaya zaidi, wa kudhani kuwa wimbo wa polepole ni rahisi. Li'l Darlin', aliyoiandika Neal Hefti kwa bendi ya Count Basie mwaka 1957, Basie aliipunguza mwendo hadi ikawa kama inataka kusimama. Kati ya noti na noti pana nafasi ambamo mtu mzima hutokwa jasho. Mtoto ataijaza nafasi hiyo kwa kukimbia.

Mwaka wa pili mwalimu alianza na watoto 5, na msichana wa honi alikuwa mmojawao, jambo ambalo mwalimu hakulitegemea wala hakulistahili. Walianza na C Jam Blues, wakaikalia muhula mzima. Msichana huyo ndiye aliyepewa kuufungua wimbo, peke yake, kwa sababu karatasi ya mzee ilionyesha kuwa noti zake za katikati ndizo zilizokomaa kuliko za wote. Muhula wa pili wakaongeza Sonnymoon for Two, kisha twisti moja ya Daudi Kabaka, ambayo mpiga gitaa la besi aliijua kutoka kwa baba yake na akawafundisha wengine bila karatasi. Watoto wamerudi mmoja mmoja hadi wakawa 9.

Kijana wa koneti ya kwanza hajarudi. Mwalimu amekwenda kwao zaidi ya mara moja na kumwomba radhi mbele ya mama yake, na kijana amesema atakuja mahindi yakishavunwa. Tayari ameandikiwa sehemu ya koneti ya pili katika Bags' Groove, isiyopanda kupita ile G inayokaa juu ya mistari mitano.